Chungu cha Ghorofa ya Pili

Nisije nikajisingizia utakatifu: nilijitolea kwa sababu nilichoka kukaa ndani. Mtaa wetu hapa Guangzhou ulikuwa umefungwa kwa ajili ya ule ugonjwa. Vizuizi vya plastiki vilivyojazwa maji vilipangwa kwenye kila kichochoro, na aliyeruhusiwa kutembea ni yule tu mwenye kazi ya kuhudumia wengine. Mimi mtu wa Moshi, nimezaliwa kwenye kupanda na kushuka, siwezi kukaa chumba kimoja na mabegi ya shule niliyonunua soko la Shiling tukitazamana kutwa. Kontena langu lilikuwa limekwama Huangpu, na wakala wa bandari kila nikimpigia ananiambia kesho. Kwa hiyo yule mwalimu wa chekechea aliyekuwa anaongoza watu wa kujitolea kwenye jengo letu alipoandika kwenye grupu kwamba anatafuta wenye miguu, nilimjibu kwamba miguu ninayo.

Kipaza sauti kilichofungwa kwenye nguzo ya umeme kilitutangazia kila asubuhi kwamba tuko vitani. Mabango mekundu nayo yalisema hivyohivyo: vita, ushindi, tusimame pamoja. Vita niliyoijua mimi ni ya kusikia redioni nikiwa mdogo, na hii haikufanana nayo. Risasi hakuna. Kulikuwa na foleni ya kupimwa koo, na mifuko ya mboga, na watu wanachungulia madirishani wakiuliza lini itakwisha.

Wale wa kujitolea tulivaa mavazi meupe yanayofunika kuanzia utosini hadi viatuni, na Wachina walituita weupe wakubwa. Siku ya kwanza nilijitazama kwenye kioo nikacheka peke yangu. Mama wa Kichaga, mweusi tii, leo ndiye mweupe mkubwa. Huko mwanzoni kabisa mwa ugonjwa kulikuwa na majirani ambao wakikutana na mimi kwenye ngazi wanarudi nyuma mpaka nipite. Sitasema haikuniuma. Iliniuma sana, na kuna mmoja nilimwambia maneno ambayo bahati yake hakuyaelewa. Sasa watu walewale walinifungulia mlango wakipokea vitunguu, na wengi hawakujua ndani ya lile vazi yumo nani mpaka niseme.

Jengo letu halina lifti. Mimi nakaa ghorofa ya tatu. Ghorofa ya pili alikaa bibi mmoja mjane, mwanawe wa kiume yuko mji mwingine. Wote tulimwita Apo, ndivyo wanavyomwita bibi kizee hapa. Ghorofa ya sita, juu kabisa chini ya paa, alikaa binti wa Kizanzibari aliyekuja na mumewe wanunue nguo za jinzi. Binti alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, uzazi wa kwanza. Alipotoka tu hospitali, mume akasema anakimbia Xintang mara moja akaangalie mzigo wake kiwandani, jioni atakuwa amerudi. Mchana huo huo wakafunga mtaa. Mume akabaki kule analala juu ya marobota ya suruali, na mke akabaki huku peke yake na kichanga.

Mimi sikumjua binti huyu vizuri kabla ya hapo. Tulikuwa tunasalimiana tu, shikamoo mama, marahaba mwanangu, kila mtu na njia yake. Nilimjua nilipompelekea mfuko wa mboga nikasikia mtoto analia ndani. Niligonga, akafungua, kanga imefungwa kifuani, macho yamevimba.

"Mama, maziwa hayatoki," akaniambia. "N'nakamua mpaka n'nalia mimi na yeye."

Nikamuuliza anakula nini. Akanionyesha. Figili. Mfuko wa serikali ulikuwa na figili, kabichi na mchele, na figili zilikuwa nyingi kuliko vyote, mpaka sisi Watanzania wa mtaa ule tulikuwa tunaandikiana matusi ya figili kwenye grupu letu. Mzazi wa siku chache anakula figili za kuchemsha, hana mama, hana shangazi, hana wa kumkanda maji ya moto. Kwetu Moshi angekuwa amelala kitandani analetewa mtori. Kwao Unguja angekuwa anakunywa uji wa pilipili manga na supu ya pweza, arobaini zake zinaendelea, anaogeshwa na kusingwa. Nilikasirika, na sikujua nimkasirikie nani, nikamkasirikia mume.

"Huyu mwanaume alikuwa anafuata nini huko?"

"Mama, nawe," akasema. "Angejua asingekwenda."

Kopo la maziwa walilotoka nalo hospitali lilikuwa limebaki vumbi chini. Mwalimu wa chekechea alikuwa ameshaagiza jingine, na kila siku jibu lilikuwa lipo njiani. Alikuwa pia ameuliza kama mtoto anaweza kupelekwa hospitali, ila binti aliogopa wasije wakamtenganisha naye. Nilimwelewa.

Kilio cha mtoto mwenye nguvu kinaudhi, unatamani mtu amnyamazishe. Cha huyu kilikuwa hakiudhi tena. Kilikuwa kidogo, kinakatika katikati, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nikatoka kutafuta maziwa. Nilizunguka mtaa mzima ndani ya vizuizi, jengo hadi jengo, nikigonga na kusema kwa Kichina changu cha sokoni: mtoto mdogo, maziwa ya unga, kidogo tu. Nimekaa China miaka mingi, lakini nilichojua ni maduka. Siku ile ndiyo kwanza niliwaona watu nyumbani kwao. Mzee mmoja alikuwa amevaa kaptura ya kuogelea anafanya mazoezi ya kupiga mbizi kitandani, akaniletea maziwa ya soya kwenye kikombe. Mama mmoja aliniambia hana, akafunga mlango, akafungua tena akanipa mayai. Mume na mke walikuwa wanagombana kwa sauti, wakanyamaza wanisikilize, mke akasema meiyou, hakuna, halafu wakaendelea pale walipoachia. Mwanamke mwenye mtoto wa kama mwaka mmoja alinimiminia unga wa maziwa kwenye kifuko cha plastiki, akausawazisha na kisu kama anauza sokoni, kwa sababu na yeye alikuwa na kopo moja tu. Sikumlaumu. Nilimwinamia mpaka kioo cha usoni kikagonga mlango.

Unga ule ulimsogeza mtoto, lakini haukuwa wa kutegemea. Kilichotakiwa ni maziwa ya mama yatoke.

Nikiwa napanda nao, Apo akanisimamisha mlangoni kwake. Alikuwa mfupi sana, nywele nyeupe amezikata kama za mwanaume, na aproni ambayo sikuwahi kumwona bila nayo. Lugha yake ni ile ya hapa hapa Guangzhou, na Kichina cha shule alikijua kibovu kama changu. Ndiyo maana tulielewana, hakuna aliyekuwa na maneno ya kumwonea mwenzake. Akaonyesha juu kwa kidole. Anamsikia mtoto kwenye ngazi, akasema. Mama yake ana maziwa? Nikamwambia hana. Akaguna, akarudi ndani, mlango akauacha wazi.

Kesho yake akanikabidhi sufuria ya moto imefungwa kwa taulo. Harufu ilinipiga kabla sijafika ghorofa ya nne: siki na tangawizi. Nikafunua nikiwa nimesimama pale pale kwenye ngazi. Siki nyeusi, tangawizi vipande vikubwa, mayai ya kuchemsha yaliyogeuka kahawia, na miguu ya kitimoto minene, laini, inatetemeka.

Baadaye nilielewa kwamba hicho ndicho chakula cha mzazi kwa watu wa huku. Mwanamke akijifungua lazima ale hiyo, na nyumba yenye mtoto mchanga huwagawia majirani. Hakuna chakula cha heshima zaidi ambacho Apo angeweza kumpikia mzazi, na miguu yenyewe ilitoka kwenye mgawo wake. Na mzazi aliyefungiwa chakula hicho ni Mwislamu wa Unguja.

Nilisimama pale ngazini nikibishana na nafsi yangu. Mimi kitimoto nakula na sioni haya. Nikasema moyoni, nikitoa nyama nikabakiza mchuzi na mayai, nani atajua? Mtoto anakufa njaa. Halafu nikasema, wewe mama, huyo binti amekuamini kwa sababu unatoka kwao, leo umlishe haramu kwa siri? Nikapanda nikamwambia kama ilivyo.

"Bibi wa ghorofa ya pili amekupikia supu ya kuleta maziwa. Ni miguu ya kitimoto. Nasikia dini yenu penye dharura inaruhusu."

Hakukasirika. Alimweka mtoto begani, akafikiri.

"Inaruhusu pakiwa hapana njia nyengine," akasema. "Ushamuuliza bibi kama hana njia nyengine?"

Nilikuwa sijamuuliza. Nikashuka na sufuria yangu, nimeudhika kwa kujibiwa sawasawa.

Nilifikiri Apo atanuna. Kwetu ukirudishiwa chakula mlangoni unaweza ukakata undugu. Nikamwambia neno moja tu, qingzhen, yaani halali, ambalo liko kwenye mabango ya kijani ya wauza tambi Waislamu mji mzima. Akajipiga paja. Akasema maneno mengi kwa lugha yake, nadhani anajitukana, kwa sababu msikiti wa zamani hauko mbali na pale alipokulia. Sufuria akanirudishia mikononi, akaniashiria nile mimi. Nilikula, kutupa chakula ni dhambi, na nisiseme uongo, ilikuwa tamu.

Kisha akanivuta jikoni. Akaanza kugusa vyombo vyake kimoja kimoja akitikisa kichwa. Karai hili, nguruwe. Sufuria hii, nguruwe. Bakuli, nguruwe. Nyumba nzima haikuwa na chombo ambacho hakijapita mafuta yake. Akapanda kigoda, nikamshika kiuno asianguke, akashusha kutoka juu ya kabati kitu kilichofungwa na mifuko ya plastiki. Kilikuwa chungu cha udongo, cheusi chini, chenye mkono upande mmoja na mdomo wa kumiminia. Chungu cha dawa. Alikuwa akimchemshia marehemu mumewe mizizi na majani. Nyama, akasema, haijawahi kuingia humu hata siku moja.

Alikichemshia maji akayamwaga, akachemsha tena. Samaki alikuwa naye wa mgawo, akamkaanga kwanza, na chupa ya mafuta ya karanga aliifungua mbele yangu nione ni mpya, na karai akaazima kwa vijana wa mkabala ambao walikuwa wamenunua na hawajui kupika. Akaweka papai bichi, tangawizi, karanga. Moto mdogo. Mwalimu alinipigia simu mara kadhaa kuuliza niko wapi, watu wanasubiri mboga. Nikamwambia mboga zitasubiri.

Ulipokuwa tayari mchuzi ulikuwa mweupe kama tui. Hakuwa na bakuli safi la kumiminia, ndiyo maana akanipa na chungu chenyewe. Akaniambia usirudishe. Nikasema nitarudisha. Akasema hapana, usirudishe, akapunga mkono mbele ya uso wangu, mara ya pili na ya tatu. Mimi nikamwona ana adabu kweli huyu bibi. Si ndivyo wanavyosema watu wote walio na malezi? Usihangaike na chombo, mwanangu. Na wewe mwenye malezi unajua hapo ndipo umeambiwa ukirudishe.

Binti akanywa. Akanywa yote, akala na samaki mpaka mifupa. Nikamkanda mgongo kwa taulo la moto, nikamkanda na matiti bila kumwonea huruma, akapiga yowe akaniita majina ya Kiunguja ambayo sikuyajua. Mgawo uliofuata tukambembeleza mwalimu samaki waende ghorofa ya sita, na Apo akamtoa wake, na mimi nikamtoa wangu. Binti akapika mwenyewe humo humo kwenye chungu. Sufuria zake alikuwa nazo, ila alikuwa ameshakiamini kile.

Maziwa yalitoka nikiwa siko. Alinitumia ujumbe wa sauti, hakusema neno, nilisikia tu mtoto anameza. Nilikuwa nimesimama kwenye uchochoro na mfuko wa figili kila mkono. Nikalia ndani ya lile vazi, na huwezi kujifuta machozi ukiwa umevaa vile, yanatelemka tu mpaka shingoni.

Basi. Kufungwa kulikwisha kama kulivyoanza, ghafla, siku ya kazi. Vizuizi viliondolewa, kipaza sauti kikanyamaza. Mume akarudi kutoka Xintang na ndevu, akamshika mtoto kama anayeshika yai. Mimi nikaenda Huangpu kugombana na wakala wangu uso kwa uso.

Niliporudi binti akaniita. Chungu cha watu kimekaa mno, akasema, na chombo cha watu hakirudi kitupu. Alikuwa amekisugua kwa majivu ya ubani mpaka kinang'aa, akakijaza visheti, vyenye iliki, vimepakwa sukari, mpaka mfuniko haufungi. Yeye arobaini zake zilikuwa hazijaisha, hatoki. Nikapeleka mimi.

Apo alifungua mlango. Alikiangalia kile chungu mikononi mwangu, akasimama. Akajifuta mikono kwenye aproni, na mikono ilikuwa mikavu, akaendelea kujifuta. Juu mtoto alikuwa analia, kile kilio cha kuudhi, cha mwenye nguvu zake. Apo aliinua uso akasikiliza. Kisha akanyoosha mikono yote miwili akapokea, akashukuru, akafunga mlango taratibu. Nilijisemea kwamba ameguswa na ukarimu wa Waswahili.

Muda si mrefu ugonjwa wenyewe ukaingia mtaani, sasa hakuna kizuizi. Jengo zima likakohoa. Niliugua mimi, nikaamka. Akaugua binti na mume, mtoto akapata joto siku moja likaisha. Wa mwisho kuanguka alikuwa Apo. Mwanawe alikuwa mgonjwa huko aliko, hawezi kusafiri, basi nikawa nashuka kumpikia uji wa mchele na kumgeuza kitandani.

Mwalimu wa chekechea alikuja siku moja kumletea vidonge, bila lile vazi, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ni binti mdogo mwenye chunusi. Tulikaa jikoni kwa Apo tukisubiri maji yachemke. Chungu kilikuwa pale kwenye rafu. Nikamsimulia hadithi ya visheti ili acheke.

Hakucheka. Akaniuliza nani amekirudisha.

"Mimi. Yule binti alinituma."

Akanieleza kwa sauti ya chini. Chungu cha dawa, kwao, mtu akikuazima hukirudishi. Kukirudisha ni kumrudishia mwenyewe ugonjwa nyumbani kwake. Kinakaa kwako, na mwenyewe akikihitaji anakuja kukichukua kwa miguu yake. Kila mtu anajua, akasema, hata watoto wake wa chekechea.

"Sasa si angekataa kukipokea?" Nilikuwa nimeshapandisha sauti. "Aliniona mlangoni, si angesema?"

"Alikwambia usirudishe," mwalimu akasema.

Mimi ni mtu wa kanisani, mambo ya vyungu kubeba magonjwa siyaamini. Jengo zima lilikohoa, na wengi wao hawakurudishiwa chungu. Hata hivyo nilimsikia Apo anakohoa chumba cha pili na moyo wangu haukuwa na raha hata kidogo.

Nilitakiwa nikae kimya. Lakini mdomo wangu hauna breki, na pia niliona binti ana haki ya kujua kilichofanyika kwa jina lake. Nikapanda nikamwambia. Alikuwa ananyonyesha. Aliniuliza swali moja tu: "Kasema mwenyewe ndiye huja kukichukua?" Nikamwambia ndiyo. Akainuka, akamfunga mtoto kifuani kwa kanga, akavaa mtandio. Nikamwambia arobaini zako. Akaniambia, "Mama, nipishe."

Ilikuwa mara ya kwanza anaingia kwa Apo. Alipiga hodi akapita moja kwa moja hadi jikoni, akakishusha chungu kwenye rafu, akakikumbatia pamoja na mtoto, akaja kusimama kwenye mlango wa chumba. Apo alikuwa amelala ubavu. Alikuwa amekonda mpaka mto ulikuwa mkubwa kuliko yeye.

"Mwambie bibi, hiki changu," binti akasema. "N'mekuja kuchukua changu. Nilikisahau hapa kwake."

Nikatafsiri nilivyoweza. Chungu ni chake, amekuja mwenyewe, anakichukua. Apo alimtazama binti, kisha akamtazama mtoto, mashavu yake, mapaja yaliyojaa yakitokeza kwenye kanga. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole akaonyesha jikoni, kwenye rafu, mahali pake.

Binti hakuondoka. "Mwambie siondoki bila nacho. Mwambie sikujua."

Nikasema hakujua, Apo, hawa watu kwao chombo lazima kirudi, ni kosa langu mimi, uliniambia nikasikia ninavyotaka. Akanikatiza kwa mkono, mkono ule ule wa kupunga. Yeye alijua anapokea nini, akasema. Alijua mlangoni pale pale. Akakohoa, nikamwinua, nikampa maji, akayameza kwa shida. Kisha akasema kwa Kichina chake kibovu, pole pole, ili mimi mwenye kibovu nisikosee.

"Mwambie akiache. Bado ananyonyesha."

Nikamwambia binti. Alisimama na chungu chake kifuani. Akakirudisha kwenye rafu. Akarudi akaketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda cha Apo, na mtoto alipoanza kulia akampa ziwa.